Nafasi ya Ketill

Saa kumi na mbili na nusu, Januari, giza bado zito
kama lami iliyomwagwa juu ya milima ya Aisilandi,
nami natembea, taulo kwapani,
kwenda kwenye hodhi la maji ya moto
yanayochemka ardhini bila kuni wala jiko.

Miaka miwili nyuma Daktari Eydis aliniandikia karatasi:
lala mapema, punguza chumvi, tembea,
ondoa wasiwasi.
Hilo la mwisho alilipigia mstari,
kana kwamba wasiwasi ni koti,
unalivua, unalitundika mlangoni, umemaliza.
Nikaibandika kwenye friji.
Jua lingekuwapo, wino ungepauka.

Aliyenitoa nyumbani ni jirani yangu Sigurlina,
na hakunishauri lolote.
Alinigongea tu: "Hallbera, maji yanapoa!"
Uongo mtupu.
Maji yale hayajapoa tangu babu wa babu yake.

Kwanza sabuni, mwili mzima, hakuna wa kukusamehe hilo.
Kisha mlango, kisha hatua kumi na nne
peku juu ya barafu (nimezihesabu, zinauma zote),
kisha unazama hadi shingoni
na mifupa inasema ahaa.
Chini ni kiangazi. Kichwani theluji inatua, haina haraka.

Oddny wa posta analalamikia bei ya siagi.
Mwalimu Thorlakur anabishana, hata na anayemuunga mkono.
Ketill, fundi mitambo wa meli aliyestaafu,
anakaa pembeni karibu na bomba, pale pale,
akiitikia kila hoja kwa nyusi.
Simu zimebaki makabatini. Mvuke unaficha matumbo yetu.
Magoti yangu yanapata wenzao wa kuzungumza nao.

Nikirudi, kijiko cha mafuta ya samaki,
uso umekunjamana kama wa mtoto,
mkate mweusi, halafu mguu kwa mguu hadi dukani
hata kama sina cha kununua.
Siku nyingine nanunua kiberiti. Ninavyo ishirini na kitu.

Mazoea yana taabu, husema watu.
Kweli. Taabu ya mazoea tuliiona Jumanne ile
nafasi karibu na bomba ilipobaki maji matupu.
Hakuna aliyesogea kuikalia.
Oddny alianza habari za siagi, akaiachia njiani.
Thorlakur, kwa mara ya kwanza, hakubisha.
"Mbona Ketill hajaja?"
Sijui nani alisema. Labda sote.

Sigurlina alishatoka majini, mwili unafuka moshi,
koti juu ya vazi la kuogelea, buti hazijafungwa kamba,
anakimbia kupandisha mtaa, na miaka yake sitini na tisa.
Tukamkuta sakafuni jikoni, nyonga imevunjika,
sufuria la uji limemwagika na kuganda kando yake.
Akafungua jicho moja.
"Mmechelewa," akasema.

Angelala pale hadi jioni, alisema Eydis,
kisha hakumaliza sentensi.

Usiku ule niliishusha karatasi ya friji.
Chini ya mstari wa wasiwasi niliongeza kwa kalamu,
mwandiko wangu mbaya, mkono bado unatetemeka:
uwe na mahali
ambapo usipofika utaulizwa.
Nikairudisha. Nikalala mapema, kwa bahati tu.

Aprili, giza limeanza kulegea,
mlango wa bafu ukafunguka polepole.
Mkongojo kwanza, kisha Ketill,
amekonda, miguu kama ya korongo,
hatua kumi na nne zikawa thelathini.
Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyempa pole.
Oddny alishika mkongojo, mimi mkono.
Akazama hadi shingoni, pale pale,
akatuangalia mmoja mmoja.

"Leo maji yamepoa," akasema.

"Uongo!" tukasema sote,
hata Thorlakur.